Opsheni: kitabu cha kweli kinapotakiwa na watu wa filamu

Mwandishi akisema mtayarishaji wa filamu amekitaka kitabu chake, watu humpongeza kwamba kitabu kimeshanunuliwa. Mara nyingi bado. Alichotia saini ni opsheni, na hiyo ni uchumba, si ndoa.

Opsheni ni mkataba wa kushikiza. Mtayarishaji analipa fedha kidogo ili kwa muda uliotajwa, kwa kawaida miezi 12 au 18, haki ya kukigeuza kitabu kuwa filamu asiuziwe mwingine. Ndani ya muda huo anahangaika kutafuta mwandishi wa muswada, mwongozaji na wafadhili. Bei kamili huandikwa tangu mwanzo. Tuseme ni dola 100,000 na opsheni ni asilimia 10: mwandishi anapokea 10,000 sasa, na filamu ikipata fedha analipwa 90,000 zilizobaki, iwapo mkataba unasema malipo ya kwanza yanakatwa humo. Muda ukipita bila kununuliwa, haki zinamrudia, na zile 10,000 ni zake. Vitabu vingi huishia hapo.

Kwa kitabu cha habari za kweli kuna jambo zito zaidi: matukio hayana mwenyewe. Meli ikizama usiku na nahodha akakataa kushuka, yeyote anaweza kulifanyia filamu tukio hilo. Hakimiliki inalinda maneno ya mwandishi na namna alivyoyasimulia, basi. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa nchini Marekani, katika kesi ya Hoehling dhidi ya studio ya filamu ya Universal, ilikataa madai ya mwandishi huyo kwamba filamu ilichukua kitabu chake, alichochunguza humo kuungua kwa Hindenburg, puto kubwa la gesi lililobeba abiria, mwaka 1937. Hata maelezo yake kwamba moto ulitokana na hujuma, ilisema mahakama, yakitolewa kama historia ni ruhusa kwa wengine kuyatumia. Ukifikiria miaka aliyoitumia kwenye nyaraka, inauma.

Kwa nini basi mtayarishaji alipe? Kwa sababu mwandishi ana kanda za mahojiano, barua, na watu waliomfungulia milango baada ya kuwakatalia wengine. Tena kulipa ni nafuu kuliko kubishana mahakamani ni sentensi ipi imechukuliwa kitabuni.

Ridhaa ya wahusika walio hai ni habari nyingine. Mjane aliyemsimulia mwandishi kisa chake jikoni kwake hakumpa ruhusa ya kukiuza kwenye sinema, na anaweza kulalamikia faragha au jina lake kuchafuliwa. Ndiyo maana mtayarishaji makini humfuata mwenyewe na mkataba wake pembeni. Mwandishi asikubali kamwe kumwahidia mtu ridhaa isiyo yake.

Na kabla ya kalamu kugusa karatasi, atafute kipengele cha kuongeza muda. Kinapaswa kutaja mara ngapi muda unaweza kuongezwa na kwa malipo gani. Kikinyamaza kuhusu malipo, kitabu kinaweza kufungiwa miaka mingine bila hata senti, huku mtayarishaji mwingine mwenye fedha mkononi akiambiwa asubiri.