Baridi ya Julai na moshi wa Kanada hupita njia moja

Ramani ya mwelekeo wa hali ya hewa ikipakwa buluu juu ya majimbo ya Marekani ya Minnesota, Wisconsin na Dakota zote mbili katikati ya Julai, watu hufurahi. Buluu ni dalili ya joto la chini ya wastani, na wastani wenyewe wa mchana wa Julai hapa Minneapolis ni kama nyuzi 28 za Selsiasi. Watoto watacheza nje, bili ya umeme itashuka, sherehe ya Jumamosi bustanini itakwenda bila jasho. Mimi ninayefanya kazi ya utabiri nikiiona buluu hiyo hukimbilia picha za setilaiti za majimbo ya Kanada: Manitoba, Saskatchewan na kaskazini mwa Alberta. Nataka kujua huko kunaungua nini.

Hewa ya juu, kilomita tano hadi kumi kutoka ardhini, ina mkondo wa upepo uendao kutoka magharibi kwenda mashariki, nao hupinda kama mto wa tambarare. Ukipanda kaskazini juu ya Kanada magharibi, chini yake hujengeka mgandamizo mkubwa wa hewa: mbingu bila mawingu, jua kali, unyevu kidogo, siku baada ya siku. Mbele kidogo, mkondo huohuo hushuka kusini juu ya Maziwa Makuu ya Amerika na kutuletea sisi siku za nyuzi 22 au 23. Kati ya kule unakopanda na huku unakoshukia, upepo hutoka kaskazini-magharibi. Kwa hiyo mpangilio unaotupoza ndio unaoikausha misitu yao, na upepo unaotuunganisha nao huvuma kutoka kwao kuja kwetu. Hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko mengine yote, kwa sababu wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea kuhusisha hewa ya baridi na hewa safi.

Misitu yenyewe ni ya misprusi na misonobari yenye utomvu, mara nyingi juu ya udongo wa mboji unaoweza kufukuta kwa wiki nyingi, na moto mwingine hata kuvuka majira ya baridi chini ya theluji. Sehemu kubwa ya eneo linaloteketea huanzishwa na radi, mbali na barabara, mahali ambapo wazimamoto mara nyingi huuacha moto uendelee ilimradi haujatishia makazi. Mwaka 2023 ziliungua Kanada nzima karibu hekta milioni 15, eneo kubwa kuliko Malawi nzima. Mwaka 2025 ziliungua zaidi ya milioni 8. Mwishoni mwa Mei mwaka huo Manitoba ilitangaza hali ya dharura na mji wa Flin Flon ukahamwa. Moto ukishakuwa mkubwa namna hiyo mwezi Mei, sisi tulio upande upepo unakoelekea tuna miezi mitatu ya kuwa macho.

Saa ya hatari zaidi ni ile inayopendeza. Jioni mvua ya radi inapita, upepo unageuka kutoka kusini na kuanza kuvuma kutoka kaskazini-magharibi, unyevu unashuka, na kila nyumba inafungua madirisha ili watu walale vizuri. Lakini hewa inayofuata nyuma ya mvua hiyo ni hewa inayozama. Moshi uliokuwa ukielea kilomita mbili au tatu juu unavutwa hadi usawa wa pua. Kabla ya alfajiri, hewa ya chini inatulia na kuufungia hapohapo. Watu huamka macho yanawasha na koo limekauka, wakadhani ni mafua.

Rangi ya mbingu peke yake haitoshi kukuambia. Kuna siku jua huwa jekundu na mbingu kama maziwa, na huku chini hewa ni nzuri kabisa, kwa kuwa moshi wote uko juu. Tazama kipimo cha ubora wa hewa, AQI, kwenye tovuti ya AirNow. Kinachopimwa hapo wakati wa moshi ni chembechembe zisizozidi mikromita 2.5, ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Rangi ya chungwa, kuanzia 101, ni onyo kwa wenye pumu, wagonjwa wa moyo, wajawazito, watoto na wazee. Nyekundu, kuanzia 151, ni onyo kwa kila mtu. Nyekundu huanzia takriban mikrogramu 55 kwa kila mita ya ujazo, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa siku usizidi 15.

Sasa, mwelekeo wa msimu unaweza kutuambia nini? Unagawa uwezekano katika mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, na chini ya wastani, kama mnavyosikia nyumbani mwelekeo wa mvua za masika na vuli unapotangazwa. Buluu hafifu inaweza kuwa asilimia 40 tu ya kuwa chini ya wastani, dhidi ya 33 ambayo kila fungu lingepata bila dalili yoyote. Hiyo ni dalili, na wiki moja ya joto kali bado inaweza kuchomoza katikati. Kuhusu moshi, ramani hiyo haisemi lolote. Moshi huhitaji kujua moto upi unawaka leo, kwa nguvu gani, na upepo wa kesho. Modeli ya kompyuta ya utabiri ninayoitegemea zaidi, HRRR ya Marekani, huuona moshi kwa saa 48 tu mbele. Tena moshi mzito wenyewe huzuia jua na kushusha joto la mchana kwa nyuzi mbili tatu au zaidi, hivyo utabiri usiouhesabu hukosea kwa kutaja joto kubwa mno.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Brooklyn Park, Fargo na Sioux Falls: buluu ikionekana kwenye ramani, nunueni mapema kichujio cha tanuru, yaani mtambo wa kupasha joto nyumba, cha daraja la MERV 13, linalonasa chembechembe ndogo, na barakoa za kuchuja hewa za N95, maana za kitambaa hazizuii chembechembe hizi. Mvua ikishapita, angalieni AQI kabla ya kufungua madirisha, kisha tena asubuhi, kwani hubadilika kwa saa. Ndani ya gari, fungeni hewa ya nje. Waandaaji wa mechi za watoto wapange tangu sasa ni kiwango gani kitaahirisha mchezo, na wazazi wakijue. Kwa watoto mimi ningeweka 151, na kwa mwenye pumu 101.