Je, wajua kwa nini vigae huhisiwa baridi kuliko zulia, ilhali joto lao ni lilelile?

Asubuhi ya baridi, shuka kitandani kwa namna hii: mguu mmoja ukanyage zulia, wa pili ukanyage vigae. Wa kwanza utatulia. Wa pili utauinua haraka kama uliokanyaga barafu. Sasa chukua kipimajoto upime sehemu zote mbili. Kama chumba kimekaa usiku kucha bila hita wala jua, utakuta zulia na vigae viko sawa, tuseme nyuzi 17. Kipimajoto hakijakosea, na mguu nao haujakosea. Ni kwamba kila kimoja kinapima jambo lake.

Ngozi haina uwezo wa kusoma joto la kitu inachokigusa. Inachohisi ni jinsi yenyewe inavyopoa, yaani kasi ya joto kuihama. Vigae hulipokea joto la unyayo na kulipeleka chini upesi, kisha hutaka jingine. Zulia limejaa hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Sweta, blanketi na madirisha ya vioo viwili hutumia ujanja huohuo mmoja: kuinasa hewa isitembee. Blanketi halina joto lake lolote. Lifunike jiwe baridi usiku kucha, asubuhi utalikuta jiwe baridi.

Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa joto la wati 100 hivi, sawa na balbu ya zamani ya waya unaowaka. Kwa hiyo nyumba yenye joto ni ile isiyokunyang'anya wati hizo upesi.

Dirisha ndilo mnyang'anyi ambaye wengi hawamwelewi. Keti usiku karibu na dirisha la kioo kimoja. Hewa ya chumba ni nyuzi 21, dirisha limefungwa vizuri, lakini bega la upande ule linazizima. Tunasema baridi inaingia, kumbe ni joto lako linalotoka. Mwili, kama kitu chochote chenye joto, hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho. Ukuta wenye joto nao hukutolea yake, hivyo hukurudishia sehemu kubwa ya ulichotoa. Kioo chenye nyuzi 8 hukurudishia pungufu. Bega linatoa zaidi ya linavyopokea, na hewa ya vuguvugu iliyokuzunguka haitoshi kufidia.

Kioo hichohicho kina hila ya pili. Hewa inayokigusa hupoa, huwa nzito, huporomoka hadi sakafuni na kutambaa kuelekea miguuni. Unahisi upepo, unatafuta tundu, tundu halipo.

Pazia zito hutibu yote mawili, mradi lishonwe kwa akili. Likiishia hewani, mbali na sakafu na mbali na kingo za dirisha, hewa baridi humwagika chini yake kama maji. Lifike sakafuni au liguse kizingiti cha dirisha, na pande zake zikaribie ukuta. Kama hita iko chini ya dirisha, pazia lisiifunike, la sivyo utakuwa unapasha joto kioo. Mchana lifungue upande wa jua: kioo hupitisha mwanga wa jua kuingia, lakini hakipitishi moja kwa moja mionzi ya joto inayotoka kwenye sakafu na viti vilivyoota jua hilo.

Halafu kuna nyufa zenyewe. Washa kijiti cha udi, upitishe taratibu kuzunguka fremu ya mlango, mbali na mapazia. Moshi ukiyumba ghafla, umeupata ufa. Ukanda wa sponji wa kubandika huziba fremu, na taulo lililoviringishwa hutosha chini ya mlango. Mimi ningeanza hapa kabla ya kufikiria hita kubwa zaidi.

Ila usizibe mpaka nyumba ishindwe kupumua. Pumzi zetu, mvuke wa sufuria na nguo zinazokaushwa ndani huijaza hewa unyevu, na unyevu huo hugeuka matone kwenye vioo na kuta baridi, kisha ukungu, yaani kuvu, huota. Fungua madirisha wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi, kisha funga. Hewa hubadilika, ila kuta na samani hubaki na joto lake na kuipasha hewa mpya upesi. Jiko la mkaa lisiingie kabisa chumba cha kulala: gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Kwa anayetaka kipimo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unataja nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini kilicho salama ndani ya nyumba katika majira ya baridi. Wazee na watoto wachanga wanaweza kuhitaji zaidi.

Na kitanda? Kama nafasi ipo, kiegemee ukuta wa ndani, ule unaopakana na chumba kingine, kwa kuwa huo hauzizimi kama wa nje. Ikibidi kiwe kwenye ukuta wa nje, acha upenyo wa kiganja kimoja nyuma yake hewa ipite, maana ukungu hupenda sana sehemu ile usiyoiona.