Udhibiti wa Michezo ya Video: Nani Hukata, na Kwa Sababu Gani

Mwaka 2008 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa Fallout 3, mchezo ambao mchezaji huzurura katika magofu ya Washington, D.C. miaka 200 baada ya vita vya nyuklia. Mchezo ulikuwa mmoja, lakini haukuwafikia watu wote ukiwa na sura ile ile. Australia ilikataa kuupitisha kwa sababu ya dawa. Wajapani walipata toleo lenye bomu ambalo hakuna awezaye kulilipua. Nchini India, toleo la Xbox 360, mashine ya michezo ya Microsoft, halikuingia sokoni kabisa.

Hayo yote huitwa kwa jina moja, udhibiti, ingawa yaliyofanyika ni mambo matatu tofauti. Udhibiti ni kuzuia, kuondoa au kubadilisha sehemu ya mchezo kwa sababu mwenye uwezo wa kufanya hivyo ameona kuwa watu fulani hawapaswi kuiona. Kupanga daraja la umri ni jambo jingine: bodi hutangaza kuwa mchezo huu ni wa miaka 12, 15 au 18, na kilichomo hakiguswi. Ujanibishaji nao ni kuuandaa mchezo kwa ajili ya watu wa nchi nyingine, kwa kutafsiri maneno, kurekodi sauti upya na kurekebisha utani usioeleweka. Kwenye karatasi vitu hivi vinatenganika vizuri. Katika kazi yenyewe huingiliana, na ugomvi mwingi huzaliwa hapo.

Tazama Australia. Wakati huo filamu zilikuwa na daraja la watu wazima, lakini daraja la juu kabisa la michezo ya video liliishia miaka 15. Mchezo uliotungwa kwa ajili ya watu wazima haukuwa na mahali pa kukaa: ama upunguzwe mpaka uingie kwenye 15, ama unyimwe daraja, na usio na daraja hauuzwi. Fallout 3 ilikuwa na mofini, dawa halisi, ambayo mhusika akiitumia hupata nguvu ya kustahimili majeraha. Kanuni zilikataza matumizi ya dawa za kulevya yanayomletea mchezaji faida. Bethesda ikabadilisha jina, dawa ikaitwa Med-X. Jina hilo halikubaki Australia peke yake. Liliingia katika matoleo ya dunia nzima. Mchezaji wa Kanada au Uhispania alipokea uamuzi wa bodi ambayo haina mamlaka yoyote juu yake, na wengi hawakujua. Australia yenyewe ilianza kutumia daraja la 18 kwa michezo tarehe 1 Januari 2013.

Japani ina kisa chenye uzito zaidi. Katika Fallout 3 kuna mji uitwao Megaton, uliojengwa kuzunguka bomu la nyuklia lililoanguka bila kulipuka. Anatokea mtu aitwaye Burke, anakuahidi malipo ukililipua na kuufuta mji pamoja na watu wake. Unaweza kukubali, unaweza kukataa, unaweza hata kulitegua bomu lenyewe. Katika toleo la Japani Burke hayupo na njia ya kulipua imefungwa. Silaha iliyoitwa Fat Man, jina la bomu lililoangushwa Nagasaki mwaka 1945, nayo ilipewa jina jingine. Sababu haihitaji maelezo marefu. Kuna familia ambazo babu na bibi zao waliteketea, na kuyafanya maafa hayo kuwa burudani mbele yao ni jambo ambalo mtu mwenye utu hulifikiria mara mbili.

Hata hivyo naona kuna kitu kilichopotea. Tukio la Megaton lilitungwa ili limpime mchezaji. Kukataa kulipua kuna maana pale tu kulipua kunapowezekana. Mlango mmoja ukifungwa, aliyekataa na ambaye hakuulizwa wanakuwa sawa. Pengine Wajapani ndio wangelibeba swali hilo kwa uzito kuliko watu wote, na wao ndio ambao hawakuulizwa. Sisemi waliokata walikosea. Nasema waliondoa maudhui ya kuumiza, wakaondoa pamoja nayo sehemu iliyosimama upande wa walioumizwa.

Kuhusu India, Microsoft ilitaja unyeti wa kitamaduni na kuishia hapo. Wengi walihusisha uamuzi huo na ng'ombe wenye vichwa viwili waliomo katika mchezo, ambao huitwa Brahmin, jina la tabaka la makuhani wa Kihindu. Huenda ni kweli. Kampuni inapokata au kuzuia bila kueleza, kinachobaki ni uvumi, na uvumi huo huishia kuwabandika watu wa nchi nzima sifa ya kukasirika hata kama hakuna aliyewauliza.

Ujerumani ni tofauti kwa sababu mkono uliokata ulikuwa wa sheria. Kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuonyesha hadharani alama za vyama vilivyopigwa marufuku, ikiwemo swastika. Wolfenstein 3D, mchezo ambao mchezaji anapigana dhidi ya Wanazi, ulikamatwa kwa amri ya mahakama mwaka 1994. Filamu na vitabu vilikuwa na msamaha: alama hizo ziliruhusiwa zikitumika kwa ajili ya sanaa, historia au elimu. Michezo haikupewa msamaha huo. Hivyo Wolfenstein II ya mwaka 2017 ilipofika huko, Hitler alikuwa hana masharubu na aliitwa Heiler, na kutajwa kwa Wayahudi kukaondolewa. Hili la mwisho linaniudhi hadi leo. Sheria iliyowekwa ili maovu yale yasirudi ilizaa toleo ambalo waliouawa hawatajwi. Agosti 2018, USK, chombo kinachopanga madaraja ya umri ya michezo nchini humo, kilitangaza kuwa kitautazama kila mchezo peke yake na kinaweza kuruhusu alama hizo pale zinapotumika kisanaa. Kifungu cha 86a hakikuguswa. Kilichobadilika ni jibu la swali kama gemu inaweza kuhesabiwa kuwa sanaa.

Wamarekani hupenda kusema kwamba kwao hakuna udhibiti, na kwa upande wa serikali wana hoja. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu, kwa kura 7 dhidi ya 2, ilitupa sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto michezo yenye ukatili mkubwa, ikisema michezo inalindwa na uhuru wa kujieleza kama vilivyo vitabu. Lakini serikali si mwenye mkasi pekee. Mwaka 2007 Manhunt 2 ilipewa daraja la juu kabisa na ESRB, bodi iliyoundwa na wafanyabiashara wa michezo wenyewe mwaka 1994. Sony na Nintendo haziruhusu michezo ya daraja hilo kwenye mashine zao, kwa hiyo Rockstar, kampuni iliyoutoa mchezo huo, ilibidi ipunguze ukatili ndipo iuze. Hakuna polisi wala hakimu aliyehusika, na matokeo kwa mchezaji yalikuwa yale yale.

Nchini China mkono wa dola na mkono wa biashara hushikana. Mchezo hauwezi kuingiza fedha bila kibali cha serikali. PUBG Mobile haikupata kibali hicho, na Mei 2019 kampuni ya Tencent iliuondoa na kuweka mwingine unaofanana nao kwa karibu kila kitu, isipokuwa kwamba anayepigwa risasi hafi: anapiga magoti, anapunga mkono wa kwaheri na kuacha sanduku la vifaa vyake.

Kuna wakati kukata hutokana na heshima ya kweli. Oktoba 2008, siku chache kabla ya LittleBigPlanet kutoka, Sony iliambiwa kuwa wimbo mmoja ndani yake, wa mwanamuziki Toumani Diabaté wa Mali, una maneno ya Kurani, likiwemo lile la kila nafsi itaonja mauti. Nakala zilizokuwa tayari zikarudishwa na wimbo ukabaki bila sauti ya mwimbaji. Waislamu walioomba hivyo hawakutaka maneno ya Kurani yachanganywe na muziki. Wakati huohuo Diabaté, mwenye wimbo huo, alikuwa Mwislamu, kutoka katika utamaduni ambao kuimba imani ni jambo la kawaida. Waislamu wana mila nyingi, na kampuni ilikuwa na siku chache tu za kuchagua imsikilize nani.

Wapo pia wasiosikilizwa. Resident Evil 5 ya Capcom, iliyotoka mwaka 2009, ilipingwa tangu video yake ya matangazo ya mwaka 2007 kwa kumwonyesha Mzungu akiwafyatulia risasi wanakijiji Weusi waliogeuzwa majini. Hadithi imewekwa Afrika Magharibi, na maadui hao wanapiga kelele kwa Kiswahili. Mchezo uliuzwa hivyo hivyo. Kwa hiyo ninaposikia kwamba fulani kimeondolewa ili kulinda hisia za watu, huuliza kwanza soko la watu hao lina ukubwa gani.

Kinachonipa tumaini kidogo ni yaliyotokea Novemba 2018. Ubisoft ilitaka Rainbow Six Siege iingie katika masoko ya Asia, na kwa kuwa kutunza matoleo mawili ni gharama, ikatangaza kuwa mafuvu, damu ya ukutani na mashine za kamari zitaondolewa katika toleo moja la dunia nzima. Wachezaji wakapinga kwa wingi, na kabla ya mwezi kwisha kampuni ikarudisha picha zote za awali kwa wale ambao sheria za kwao hazikuhitaji mabadiliko hayo. Waliweza kupinga kwa sababu waliambiwa mapema nini kitakatwa na kwa ajili ya nani.