Urekebishaji ni nini, na kwa nini tiba si sehemu yake

Wasamaria wema wakipeleka sabuni na magodoro gerezani, tunasoma kwamba wamechangia urekebishaji. Madaktari wakienda siku moja kupima macho na sukari, huo nao ni urekebishaji. Mahabusu mwenye kifua kikuu akipewa dawa, tunaambiwa anarekebishwa. Kila jema linalofanyika nyuma ya ukuta wa gereza limebandikwa jina hilo moja, na mchanganyo huo una watu unaowaumiza.

Maana yenyewe si ngumu. Urekebishaji ni mambo anayofanyiwa na kufundishwa mtu aliyehukumiwa, wakati anatumikia kifungo, ili akitoka aweze kuishi na wenzake na kujitafutia riziki bila kurudi kwenye kosa. Humo mna kisomo, ushauri nasaha, kumpatanisha na familia yake kabla hajatoka, na ufundi wa namna nyingi: useremala, ushonaji, hata viatu kama vinavyotengenezwa gereza la Karanga, Moshi. Msingi wa yote ni hukumu. Mahakama imeshasema mtu huyu ametenda kosa, kwa hiyo kuna jambo la kurekebisha.

Mahabusu hana hukumu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), na ya Kenya, ibara ya 50(2)(a), zote zinataka ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, zinasema mahabusu apewe nafasi ya kufanya kazi akipenda, lakini asilazimishwe. Sasa tunamrekebisha nini? Wala msifikiri mahabusu ni mpita njia wa wiki mbili. Tanzania, makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana. Mtu anapandishwa karandinga kwenda mahakamani, anasikia "upelelezi haujakamilika", kesi inaahirishwa, anarudishwa ndani, na mwendo huo unaweza kuchukua miaka.

Katika miaka hiyo anaugua kama binadamu yeyote, tena kwa urahisi zaidi, kwa sababu watu wamebanana, madirisha ni machache na mlango unafungwa mapema. Kifua kikuu kinapenda mahali kama hapo. Mandela mwenyewe aligunduliwa kuwa nacho mwaka 1988 akiwa mfungwa wa Pollsmoor, Afrika Kusini, akatibiwa Hospitali ya Tygerberg.

Tofauti ninayoililia ni hii. Tiba ni haki ya kila aliye ndani tangu siku anayoingia, awe mahabusu, awe wa miezi mitatu, awe wa kunyongwa. Kanuni ya 24 katika hizo za Mandela inasema huduma ya afya gerezani ni wajibu wa serikali, itolewe bure, kwa kiwango kile kile wanachopata watu walio nje. Ya 30 inataka kila anayeingia apimwe mapema iwezekanavyo. Hakuna mahali panaposema "akiwa na tabia njema".

Urekebishaji, kwa upande wake, unaweza kuwa na masharti, na si vibaya. Mfungwa anayejitahidi anaweza kupandishwa daraja, anaweza kupata punguzo la theluthi moja ya kifungo lililomo katika sheria za magereza za Tanzania na Kenya. Ndiyo maana kuviweka kapu moja ni hatari. Ukishasema tiba ni sehemu ya urekebishaji, umeifungulia mlango igeuke zawadi. Mkorofi atasubiri zamu ya kwenda hospitali. Mahabusu ataambiwa programu ni za waliohukumiwa. Na nyampara, mfungwa aliyepewa kuwasimamia wenzake, atajikuta na sauti juu ya nani anaumwa kweli na nani anajifanya.

Mchanganyo huu una historia. Kanuni za kwanza za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa zilipitishwa Geneva mwaka 1955. Humo, mfungwa hakuweza kupewa adhabu ya kufungiwa chumba cha peke yake au kupunguziwa chakula mpaka daktari ampime na kuandika kwamba mwili wake utaihimili. Waliotunga walidhani wanamkinga mfungwa. Kumbe walimtia daktari ndani ya adhabu: mkono ule ule uliomwandikia dawa jana, leo unaandika kwamba anafaa kunyimwa chakula. Mgonjwa gani atamweleza mtu huyo siri ya mwili wake? Iliwachukua mataifa miaka 60 kulifuta. Kanuni mpya, zilizopitishwa na Baraza Kuu Desemba 2015, zinakataza kabisa kumpunguzia mfungwa chakula au maji kama adhabu, na zinasema mhudumu wa afya asiwe na sehemu yoyote katika kutoa adhabu. Zinaongeza kwamba uamuzi wa kitabibu ni wa mtaalamu wa afya, na askari hana mamlaka ya kuutengua.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi zikaitoa zahanati ya gereza mikononi mwa magereza. Norway ilizikabidhi halmashauri za mitaa mwaka 1988. Ufaransa ilizipeleka kwenye hospitali za umma kwa sheria ya 1994. England ilikamilisha kuzihamishia kwenye huduma ya afya ya taifa mwaka 2006. Kwetu Afrika Mashariki, mganga wa gereza kwa kawaida ni mtumishi wa magereza, ana sare na cheo, na mkubwa wake wa kazi ni mkuu wa gereza. Wengi wao wanafanya kazi kwa moyo na vifaa vichache, na ninawaheshimu. Lakini ukimwambia mtu huyo tiba ni urekebishaji, umemwambia kwamba mgonjwa wake ni wa gereza kwanza.

Tazama yanayoweza kutokea. Mahabusu ameanza dozi ya kifua kikuu ya miezi sita, yuko mwezi wa pili. Asubuhi anakwenda mahakamani, kesi inafutwa, anaachiwa hapo hapo, anapanda daladala kwenda kwao. Dawa zake zimebaki zahanati ya gereza, na kadi yake pia. Kwa mtu wa urekebishaji hilo si tatizo, kwa sababu hakuwa mfungwa. Kwa mtu wa afya huo ni mwanzo wa kifua kikuu sugu katika nyumba yenye watoto. Kinachohitajika ni barua ya uhamisho kwenda kituo cha karibu na kwao, iandaliwe kabla ya kila tarehe ya kesi. Kanuni ya 24 inataka hivyo hivyo: huduma za gereza zishikamane na za umma ili matibabu yasikatike, na inataja VVU, kifua kikuu na utegemezi wa dawa za kulevya.

Hapo kwenye dawa za kulevya ndipo mpaka unapofifia, nakubali. Mtumiaji wa heroini akiingia ndani, watu husema ataacha huko huko, ndiyo urekebishaji wenyewe. Lakini arosto, yaani mateso ya mtumiaji anapoikosa dawa aliyoizoea, ni hali ya mwili, na ina tiba. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wanatoa methadoni, dawa ya kutuliza arosto hiyo, tangu 2011. Mgonjwa anafika kliniki na kunywa dozi yake mbele ya muuguzi. Ikikatika kwa sababu amekamatwa Ijumaa, hajarekebishwa, ameachishwa dawa ghafla. Na akitoka mwili wake ukiwa umeshazoea kukaa bila heroini, kipimo kile cha zamani kinaweza kumuua katika wiki zake za kwanza za uhuru. Ushauri nasaha wa kumsaidia abaki salama na apate kazi, huo uiteni urekebishaji bila wasiwasi. Kikombe cha methadoni ni tiba.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandika habari, gereza likipata mashine ya kupima makohozi, msiandike kwamba urekebishaji umeimarika. Andikeni kwamba zahanati ya gereza imepata mashine, kisha muulize kama na mahabusu wanapimwa siku wanayoingia.