Kitufe cha R2: nilivyoipima Tony Hawk's Pro Skater 3 kwenye PS2

Mezani kwangu pedi za PS2, yaani vidhibiti vya mkononi vya mashine ya gemu ya PlayStation 2, husema zenyewe mwenye nazo anacheza nini. Unafungua skrubu, unatoa mpira wa ndani, unaangalia ule weusi wa kaboni umelika wapi. Pedi ya anayecheza gemu za mpira wa miguu huanza kufa R1, kitufe cha mbele upande wa kulia, kwa sababu ndicho cha kukimbilia, kisha X ya pasi. R2, kilicho chini yake, unaikuta kama imetoka dukani jana. Katika miaka yangu yote ya kutengeneza pedi za vibanda vya gemu hapa Dar es Salaam, pedi iliyolika R2 kuliko R1 nimeikuta moja tu, nayo ni yangu mwenyewe.

Iliyokila kitufe hicho ni Tony Hawk's Pro Skater 3, gemu ya skeitibodi, ule ubao wa magurudumu manne, iliyotoka Oktoba 2001. Diski niliipata kwenye boksi la mtumba, imechanganyika na diski za mpira. Wateja huniuliza kila siku kama namba tatu au namba nne ya gemu fulani ina maana yoyote kuliko ile waliyonayo, na hii ndiyo ninayowatolea mfano. Namba ikipanda kwenye jalada, kitu cha kwanza ninachotafuta ni tendo jipya ambalo vidole vyangu vimepewa. Viwanja vipya, sura mpya, picha safi zaidi, vyote hivyo huja na kila namba. Tendo jipya ni adimu. Namba tatu imeongeza moja kubwa, limekaa kwenye R2, na limebadilisha kila kitu kilichokuwepo kabla yake.

Ili uelewe, turudi nyuma kidogo. Ya kwanza ilitoka 1999 kwenye PlayStation, imetengenezwa na Neversoft wa California na kuuzwa na Activision. Ilikuwa na bahati ya wakati: Juni mwaka huohuo Tony Hawk mwenyewe, mcheza skeitibodi wa Marekani, alikuwa ametua ile 900, mizunguko miwili na nusu angani, kwenye mashindano ya X Games kule San Francisco. Gemu inakupa dakika mbili uwanjani. X unaruka, mraba unazungusha ubao miguuni, duara unaushika kwa mkono, pembetatu unaserereka juu ya chuma au ukingo wa benchi. Ukiunganisha manjonjo mawili matatu bila kuanguka, umepata kombo, na kombo ndiyo roho ya mchezo wote.

Hesabu yake ni hii. Thamani za manjonjo hujumlishwa, kisha jumla huzidishwa kwa idadi ya manjonjo. Tuseme umefanya matatu: la 500, la 1,000 na la 1,500. Jumla ni 3,000. Mara tatu, unaondoka na 9,000. Sasa ongeza la nne, la ovyo kabisa, la pointi 100. Jumla ni 3,100, lakini unazidisha kwa nne: 12,400. Kile kijinjonjo cha pointi 100 kimekuletea 3,400. Ukianguka kabla hujatua vizuri, unapata sifuri, hata kama ulikuwa umefika laki. Na ukirudiarudia njonjo moja, thamani yake inashuka, kwa hiyo huwezi kukaa kwenye kitu kimoja kama kuku anayeatamia.

Kwa hesabu hiyo, kilichokuwa na thamani kuliko njonjo lolote ni gundi, kitu cha kukutoa hapa mpaka pale bila kombo kufungwa. Namba mbili, mwaka 2000, ilileta gundi ya kwanza, ambayo mimi huiita manuali: unabonyeza juu-chini haraka, mchezaji anainua pua ya ubao na kwenda kwa magurudumu mawili ya nyuma. Ukishuka kwenye chuma unatembea kwa manuali mpaka chuma kingine. Barabara tambarare, ambayo kwenye namba moja ilikuwa njia tu ya kupita, ikageuka sehemu ya kombo.

Lakini ilibaki pengo. Ukipanda rampu, ule ukuta uliopinda, ukaruka juu yake na kurudi ukutani hapohapo, kombo ilifungwa pale magurudumu yanapogusa. Hukuwa na namna. Kwa hiyo namba mbili ilikuwa gemu mbili ndani ya diski moja. Wa rampu alipata njonjo moja kubwa la angani kisha anaanza upya, wa barabarani akawa anaunganisha kumi. Niliirudia namba mbili mwezi uliopita, na bado ukuta ule ulinikera kwa namna ambayo zamani sikuijua jina.

Namba tatu inakuja na rivati. Unatoka angani, magurudumu yanagusa ukuta uliopinda, unabonyeza R2, na mchezaji anausokota ubao nusu mzunguko kwa kuyaburuza magurudumu. Kombo haifungwi. Ukifika chini kwenye tambarare, juu-chini, umeingia manuali, na kutoka hapo dunia yote ni yako. Si kitu cha kubuni, wachezaji wa kweli wanafanya hivyo wanapotua wakiwa wameelekea kinyumenyume. Mlio wake niliusikia Kampala, kwenye uwanja wa skeitibodi wa zege wa Kitintale: mkwaruzo mfupi, kama kiti kinachoburuzwa sakafuni. Tofauti ni kwamba kule Kitintale hakuna anayekuzidishia pointi.

Hebu nikuoneshe sekunde kama kumi kwenye uwanja wa kwanza, Foundry, kiwanda cha kuyeyushia chuma. Natoka juu ya rampu nikiwa na kasi, nashika ubao kwa duara na kuzunguka mara moja na nusu. Hapo mkono hauna kazi ila kusubiri, na ndipo wengi wanapokosea, wanaanza kubonyeza R2 mfululizo kama anayegonga mlango wa msalani. Inatakiwa mara moja, magurudumu yanapogusa. Nasikia mkwaruzo. Juu-chini. Kile kimizani cha kuonesha uwiano wa mwili kinatokea, mshale unaanza kuyumba, naurudisha kwa vidokezo vidogo, sibonyezi kwa nguvu. Mbele kuna chuma. X, pembetatu, naserereka, mizani nyingine. Chuma kinaisha, natua kwa manuali, naelekea rampu ya upande wa pili. Kwenye namba mbili safari hiyo ingekuwa kombo mbili au tatu tofauti. Hapa ni moja, na kidole gumba kinatoka jasho kwa sababu vyote vilivyojengeka viko hatarini.

Ubora wa kitendo hicho unategemea mashine kukusikia kwa wakati. Toleo la PS2 linakwenda picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina takribani milisekunde 17, na nimelijaribu kwenye viwanja vyenye mambo mengi bila kuliona likilegea kwa namna ya kukuangusha. Ila runinga yako inaweza kukuharibia. Flati nyingi hushika picha kwanza na kuichakata kabla ya kuionesha, kwa hiyo unachokiona kimeshapita. Ukiona rivati inakukataa kwenye flati, usiilaumu gemu wala pedi kabla hujajaribu kwenye TV ya chogo. Mimi ninayo moja karakana, nzito kama jiwe la kusagia, na gemu zote za zamani nazipimia hapo.

Chogo nayo ina mambo yake. Diski yangu ni ya Marekani, ya mfumo wa picha wa NTSC, na siku nilipoipeleka kwenye kibanda cha rafiki yangu, runinga ya pale ilikuwa inajua mfumo mwingine tu, PAL. Picha ikatoka nyeusi na nyeupe. Vijana hawakujali, wakachagua mchezo wa watu wawili uitwao Graffiti, ambamo kila kitu unachofanyia manjonjo kinageuka rangi yako, na mwenzako akifanya kombo kubwa zaidi pale anakinyang'anya.

"Kaka, hilo benchi langu!"

"Lako kwa rangi gani?"

Wakabishana mpaka dakika zikaisha, gemu ikatangaza mshindi, na hakuna aliyekubali matokeo. Wiki iliyofuata rafiki yangu alipata runinga nyingine, na kwa miezi kadhaa ile ikawa gemu pekee pale kibandani iliyokuwa na foleni bila kuwa na mpira ndani yake. Hilo nalo nalihesabu katika kupima. Gemu inayoshikwa na mtu asiyejua chochote kuhusu skeitibodi imejengwa vizuri.

Kwenye viwanja, unaopendeza kuliko vyote kwangu ni Airport. Unaanzia juu, kwenye ukumbi wa abiria, na kila kitu kinateremka kuelekea kwenye mageti, kwa hiyo kasi unapewa bure na kazi yako ni kutoipoteza. Ndipo mtu anapojifunza kuwaza kombo kama njia, badala ya kuokoteza njonjo hapa na pale. Rio, Skater Island na Tokyo ni vya mashindano: unapewa zamu tatu za dakika moja moja, mbili bora ndizo zinazohesabiwa, na kuanguka kunakugharimu kwa waamuzi. Uwanja wa mwisho, meli ya kitalii, ni mzuri kwa macho, basi.

Kasoro zipo, na moja inatokana na sifa ileile. Ukishaunganisha rampu na barabara, mchezaji mzuri hana sababu ya kutua. Nimeona kombo zilizoanza kabla dakika mbili hazijaisha na kuendelea baada ya saa kufika sifuri, kwa kuwa gemu inakuacha umalizie kombo uliyoanza. Kufikia hapo uwanja unakuwa kama haupo tena, mtu anazunguka baina ya kuta mbili. Wengine wanaipenda gemu kwa hilo hasa. Mimi linanichosha, na naona ndiko viwanja vya pointi nyingi vilipoanza kufanana. Nyingine ni majukumu. Kuna ya kuchekesha, kama yule mtoto wa Canada ambaye ulimi wake umeganda kwenye nguzo, lakini mengi ni "nenda pale, gusa kile", na ukianza upya na mchezaji mwingine unayarudia yaleyale.

Kucheza mtandaoni kulikuwemo tangu siku ya kwanza, kwa kutumia adapta fulani za USB, karibu mwaka mzima kabla Sony haijatoa adapta yake rasmi ya PS2 huko Marekani. Ni jambo la kihistoria. Kwetu halikuwa na maana yoyote.

Kama unatafuta diski ya kununua, angalia sana. Jina hilohilo lilitoka pia kwenye PlayStation ya kwanza na hata kwenye Nintendo 64, ambako mwaka 2002 lilikuwa gemu ya mwisho kutolewa kwa mashine hiyo Amerika Kaskazini. PS2 inasoma diski za PS1, kwa hiyo unaweza kuuziwa ile ndogo ukaiwasha, ikacheza, ukabaki unashangaa ninachokisifia. Geuza diski: halali ya PS1 ina tumbo jeusi.

Na ukitaka kujua uzito wa R2 bila kunitegemea mimi, kuna njia. Namba moja na mbili zilipotengenezwa upya mwaka 2020, waundaji waliiingiza rivati kwenye viwanja vilivyobuniwa kabla rivati haijakuwepo. Lakini ndani ya mipangilio waliacha nafasi ya kurudi kwenye vidhibiti vya zamani. Cheza uwanja mmoja ukiwa na rivati, kisha iondoe ucheze tena uleule. Mimi nilivumilia zamu nne bila rivati, ya tano nikairudisha. Pedi yangu ya PS2 nimeshaibadilishia mpira wa R2 mara mbili, na wa tatu nimeuweka kwenye droo pamoja na skrubu zake.