Pembetatu chini ya chupa si ahadi ya kurejelezwa

Geuza chupa ya maji uangalie kitako chake: pembetatu ndogo ya mishale, ndani yake namba 1. Wengi huamini maana yake ni kwamba chupa itarejelezwa. Sivyo. Alama hiyo ilianzishwa Marekani mwaka 1988 na chama cha watengenezaji plastiki, kutaja aina ya plastiki tu. Mwaka 2013 kiwango chake kilibadilishwa, mishale ikaondolewa ili isichanganywe na urejelezaji, lakini bado utaikuta kwenye vyombo vingi.

Kinachoamua ni mambo mawili: plastiki itenganishike, na awepo wa kuinunua. Chupa (plastiki iitwayo PET, ndiyo namba 1) na kifuniko chake ni plastiki tofauti, ila hazisumbui. Zikisagwa na kutiwa majini, PET huzama na kifuniko huelea. Kinachosumbua ni PVC, plastiki ya namba 3, maana nayo huzama pamoja na PET. PET huyeyuka kwenye nyuzijoto 250 hivi. Kwa joto hilo PVC huvunjika na kutoa asidi, na PET hubaki ya njano, dhaifu. Vipande vichache vya lebo ya PVC vinatosha kuharibu mzigo mzima.

Pakiti ya krispi ni ngumu zaidi: plastiki na alumini zimeshikana, maji hayazitenganishi.