Je, wajua kwa nini daraja la zege huachiwa mwanya?

Gari likipita kwenye daraja kubwa la zege, kama lile la Mto Nile pale Jinja, Uganda, magurudumu hugonga "du-dum" mwanzoni na mwishoni mwa daraja. Hapo pana mwanya unaokatiza barabara nzima. Watu wengi wakiuona husema mkandarasi amekula saruji, au daraja limeanza kuachana na nchi kavu. Sivyo. Mwanya huo ulikuwamo kwenye michoro kabla ya nguzo ya kwanza kusimama, na bila huo ndipo daraja lingepasuka.

Kinachotupotosha ni kudhani kwamba zege ni jiwe, na jiwe halisogei. Zege linasogea kila siku. Bati la paa hulia "ta! ta!" jua likiwaka, likalia tena jioni likipoa, kwa sababu linatanuka na kunywea huku misumari imelishikilia. Zege nalo ni hivyo hivyo, ila polepole na kimya. Kila mita 1 hurefuka kama sehemu 10 kwa milioni kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Ni kidogo mno, lakini daraja la Jinja, lililofunguliwa Oktoba 2018, lina mita 525. Zege likipata joto la nyuzi 10 zaidi, urefu huo unadai sentimita 5 za ziada. Haya ni makadirio: aina ya kokoto hubadilisha kiwango, na zege nene huchelewa kufuata joto la hewa.

Je, likibanwa pande zote mbili? Mchana halina neno sana, maana zege huvumilia kubanwa. Hatari ni linapopoa na kutaka kufupika. Hapo linavutwa, na nguvu ya zege ya kuhimili mvuto ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kuhimili kubanwa. Ndiyo maana hutiwa nondo. Na hapa pana jambo la ajabu kweli: chuma hutanuka karibu sawasawa na zege. Nondo zingekuwa za alumini, inayotanuka maradufu, zingeachana na zege.

Adui wa mwanya ni mchanga na kokoto. Vikijaa, daraja hukosa pa kurefukia na kingo huanza kumeguka. Mafundi wa barabara wanaochokoa uchafu mle na kuuacha mwanya wazi wanajua wanachofanya.